Benki zimefika mtaani, mkopo bado

Wenye benki nchini wana kila sababu ya kuchekelea. Mwaka 2024 NMB ilivuna faida ya zaidi ya shilingi bilioni 600 baada ya kodi, na CRDB zaidi ya bilioni 500. Mikopo chechefu, ambayo mwaka 2017 ilivuka asilimia 10 ya mikopo yote, imeshuka chini ya asilimia 5, ukomo ambao Benki Kuu ya Tanzania (BoT) inauona kuwa salama. Matawi ya benki ni takriban 1,000 tu, lakini mawakala wake wamepita 100,000. Mtu anaweka na kutoa pesa ya benki kwenye kibanda kilekile anakonunua vocha.

Sasa mwambie wakala wa kibanda hicho kwamba unataka kukopa shilingi 300,000 uongeze mtaji wa genge. Atakuelekeza tawini. Tawini utaulizwa hati ya nyumba, leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, taarifa za akaunti za miezi kadhaa, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini. Ukitoka hapo umechoka, utamkuta mtaani kwako mwenye kausha damu, yaani mkopo wa riba kubwa, na yeye hana maswali mengi.

Maoni yetu ni haya: benki zetu zimejua kupokea pesa ya mtu wa kawaida, ila hazijajua kumkopesha. Mpaka zijue, hatuoni sababu ya kushangilia kila robo mwaka magazeti yanapochapisha mizania zao.

Tatizo hili ni la kale. Wajerumani walifungua Deutsch-Ostafrikanische Bank Dar es Salaam mwaka 1905, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zikaja benki za Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kugharamia mkonge, pamba na kahawa zifike melini. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mkopaji. Waingereza walitunga hata sheria iliyofanya deni alilokopeshwa Mwafrika na mtu asiye Mwafrika lisidaike mahakamani bila kibali cha ofisa wa serikali. Walidai wanamlinda asidhulumiwe. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyethubutu kumkopesha.

Uhuru ulipokuja, serikali ilitaka benki ya wananchi. BoT ilifunguliwa Juni 1966. Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara za kigeni zikataifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Baadaye zikaja Benki ya Rasilimali, Benki ya Nyumba, na benki ya maendeleo vijijini iliyozaa CRDB. Tuwe wakweli kuhusu kipindi kile: NBC ilipeleka matawi kwenye wilaya ambazo benki za kigeni hazikuwahi kuzitazama. Mwalimu wa Kibondo na mganga wa Tunduru walipata mahali pa kupokelea mshahara.

Kilichoiua NBC ile ni mikopo ya maagizo. Vyama vikuu vya ushirika, bodi za mazao na mashirika ya umma yalikopeshwa kwa sababu yameagizwa yakopeshwe, na hayakulipa kwa sababu hakuna aliyeyaagiza yalipe. Mwaka 1988 serikali iliunda tume chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa gavana wa BoT, na tume hiyo haikumung'unya maneno: mfumo mzima ulikuwa umeoza. Sheria ya mwaka 1991 ikaruhusu benki binafsi. Madeni mabovu yakahamishiwa chombo maalumu cha kuyakusanya. Benki ya Nyumba ikafa mwaka 1995. CRDB ikabinafsishwa 1996. NBC ikagawanywa 1997, ikazaliwa NMB iliyorithi matawi ya wilayani, na mwaka 2000 hisa nyingi za NBC iliyobaki zikauzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Mwaka 2005 kundi la wawekezaji likiongozwa na Rabobank ya Uholanzi likanunua asilimia 49 ya NMB.

Wapo wanaosema mageuzi yale yalikuwa usaliti. Hatukubaliani nao. Benki inayokopesha kwa simu ya mkubwa hufilisika, na hasara yake hulipwa na mlipakodi. Lakini ubinafsishaji nao ulikuja na ugonjwa wake. Benki zilizoungua kwa madeni ya ushirika zilitoka hapo na somo moja tu: usimkopeshe mtu asiye na mshahara wala hati. Somo hilo liliziokoa wakati ule. Leo limekuwa kisingizio.

Misukosuko ya miaka ya karibuni iliongeza hofu. Januari 2018 BoT ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo kwa sababu ya mtaji pungufu: Covenant ya wanawake, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, na benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Benki ya Wananchi Mbinga ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia. Angalia majina hayo. Nyingi ni benki zilizoanzishwa kwa ajili ya mkulima, mwanamke na mtu wa wilayani. Bima ya amana wakati ule iliishia shilingi 1,500,000. Aliyekuwa na milioni 10 alilipwa hiyo milioni moja na nusu, iliyobaki akasubiri ufilisi umalizike. Mwaka 2023 kiwango kilipandishwa hadi 7,500,000, hatua nzuri iliyochelewa.

BoT ilikuwa sahihi kuzifunga. Benki isiyo na mtaji inacheza kamari na pesa za watu. Kosa lilikuwa kudhani kwamba ukishazifunga, wateja wake wataenda benki kubwa. Wengi wao hawakwenda. Walirudi kwenye vikoba, upatu na kausha damu. Kuzinduliwa kwa Benki ya Ushirika, Coop Bank, Dodoma Aprili 2025 ni kukiri kwamba pengo lile halikuzibwa. Tunaitakia heri, na tunaikumbusha kilichowaua waliotangulia: uongozi wa kujuana na mkopo wa kupeana.

Tukiacha benki zenyewe, mapinduzi ya kweli yaliletwa na simu. Huduma ya pesa za simu ya M-Pesa iliingia Tanzania Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na kampuni nyingine zikafuata. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa nje kabisa ya huduma za fedha. Ule wa 2023 uliwakuta asilimia 19 tu wako nje. Usome utafiti huo wa 2023 kwa makini zaidi: waliotumia pesa za simu walikuwa asilimia 72, waliotumia benki asilimia 22. Yaani tunapojisifu kuhusu ujumuishi wa kifedha, tunajisifu kwa kazi iliyofanywa hasa na kampuni za simu. Na sifa nyingine ni ya BoT, iliyoziacha kampuni hizo zijaribu kabla ya kuzibana kwa kanuni, kisha ikazisukuma ziunganishe mifumo yao ili mtu wa mtandao mmoja amtumie wa mtandao mwingine bila kuhangaika.

Serikali nusura iliharibu hapo. Julai 2021 ilianzisha tozo ya miamala iliyofikia shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni. Watu walirudi kubeba noti mfukoni na kuwapa makondakta wa mabasi bahasha wawapelekee wazazi vijijini. Tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo, na baadaye ikaendelea kupunguzwa hatua kwa hatua. Anayefikiria kuirudisha kwa jina jingine akumbuke bahasha zile.

Basi pesa inatembea. Inaingia benki bila shida na inatoka bila shida. Swali letu ni moja: ikishaingia, anakopeshwa nani?

Takwimu za BoT zinajibu. Fungu kubwa kuliko yote la mikopo kwa sekta binafsi, zaidi ya theluthi, ni mikopo binafsi, na mhimili wake ni mtumishi wa umma. Mwalimu, nesi, askari: mshahara unapita benki, marejesho yanakatwa kabla hajaugusa, na sheria inataka abakiwe na theluthi moja tu. Benki haihitaji kumjua; inahitaji kumjua mwajiri wake. BoT husema sehemu ya mikopo hiyo huishia kwenye biashara ndogo, na ni kweli. Mwalimu anakopa kwa mshahara wake, ananunua bodaboda, anampa kijana kwa mkataba. Lakini mwenye kuibeba hatari ni mwalimu, na kijana anayeendesha hana historia yoyote ya mkopo hata akimaliza mkataba bila kukosa siku moja.

Mwingine anayependwa na benki ni serikali yenyewe. Hatifungani na dhamana za serikali zinalipa vizuri na hazikimbii. Meneja anayeweza kupata riba nono akiwa amekaa kwenye kiti chake, kwa nini ahangaike na genge la nyanya la Mabibo?

Na huyu wa genge, akikosa benki, analipa kiasi gani? Chukua mkopo wa kausha damu wa kawaida. Anaandikiwa 200,000, anakatwa 20,000 ya fomu, anaondoka na 180,000. Anarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Jumla ni 260,000. Amelipa 80,000 kwa kukaa na 180,000 chini ya mwezi mmoja, tena huku akiirudisha kila jioni. Hiyo ni zaidi ya asilimia 44 kwa mwezi. Benki inatoza wastani wa asilimia 15 hivi kwa mwaka. BoT iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Hesabu hizo tatu ukiziweka kwenye karatasi moja, huhitaji mtaalamu wa uchumi akwambie umaskini unatoka wapi.

Kwenye mikopo ya vikundi hali haina tofauti kubwa. Siku ya marejesho wanachama wanakaa uani kwa mwenyekiti kwenye viti vya plastiki, na hakuna anayeondoka mpaka hela itimie. Asiyeleta, wenzake wanamfuata nyumbani kubeba vitu: televisheni, mtungi wa gesi, hata godoro. Ndoa zimevunjika kwa sababu mume alirudi akakuta sebule tupu, na hakujua kama kulikuwa na mkopo.

Wakopeshaji wa mtandaoni wameongeza udhalilishaji. Unapakua programu, unairuhusu isome orodha ya namba zako, unapata 50,000. Ukichelewa siku mbili, bosi wako, mkweo na mchungaji wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Novemba 2024 BoT ilitangaza majina 69 ya programu na majukwaa yanayokopesha bila kibali. Tulipongeza. Lakini programu hubadili jina usiku na kuamka asubuhi na wateja walewale. Orodha bila kuwafikisha wahusika mahakamani ni tangazo tu.

Benki nazo zina hoja, na tuzisikilize. Wananchi wengi hawana hati miliki, na nyumba isiyo na hati haishiki mkopo. Kesi ya kukamata dhamana yaweza kukaa mahakamani miaka. Mkopo wa laki tatu unahitaji karibu kazi ileile ya mkopo wa milioni 30. Wapo pia wakopaji wanaokopa benki tatu wakiwa hawana nia ya kulipa hata moja. Hayo yote ni kweli.

Ila zipo dalili kwamba ukitaka unaweza. Mwaka 2021 BoT ilitenga shilingi trilioni moja ya kuzikopesha benki kwa asilimia 3, kwa sharti kwamba nazo zikopeshe sekta binafsi, hasa kilimo, kwa riba isiyozidi asilimia 10. Muda si mrefu NMB na CRDB zikawa zinakopesha kilimo kwa asilimia 9, kutoka viwango vilivyokuwa vinakaribia 20. Udongo haukubadilika wala mvua haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba msimamizi alisema anataka nini na akalipia. Na ipo mikopo midogo ya simu kama Songesha na Mshiko Fasta, inayotolewa kwa dakika bila hati wala mdhamini. Ni midogo na muda wake ni mfupi, lakini imeonyesha kwamba mtu anaweza kupimwa kwa anavyotumia pesa zake.

Hapo ndipo tunapotaka benki zisukumwe. Muuza samaki wa Kirumba anapokea na kutuma pesa kwa simu kila siku. Miamala yake ya miaka miwili inaeleza biashara yake vizuri kuliko hati ya nyumba ya shemeji yake. Kwa ridhaa yake, taarifa hizo zitumike kumpima. Marejesho ya vikoba na ya wakopeshaji wadogo wenye leseni yaingie kwenye taasisi za taarifa za mikopo, ili aliyelipa vizuri miaka mitano aonekane na ashushiwe riba. Kwa sasa, mlipaji mwaminifu wa kikoba akiingia benki anahesabiwa sawa na mtu ambaye hajawahi kukopa.

Mkulima naye asiachwe kwenye hotuba za Nane Nane. Stakabadhi ghalani imekuwepo kisheria tangu 2005, na wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wameizoea. Korosho iliyopimwa na kufungiwa ghalani ni dhamana halisi. Benki zinazokopesha vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kwa stakabadhi ziende pia kwenye ufuta, mbaazi na mahindi, na zimkopeshe mkulima kabla ya msimu, wakati anapohitaji mbegu, badala ya kungoja amalize kuvuna.

BoT tunaidai mambo matatu. Kwanza, kila robo mwaka ichapishe kwa jina la benki kiasi kilichokopeshwa kwa wafanyabiashara wadogo wasio na mshahara, kwa wakulima na kwa wanawake, na kwa riba gani. Faida zinachapishwa kwa jina. Hili nalo linawezekana. Pili, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zitekelezwe mpaka kwenye kibanda: gharama yote ya mkopo iandikwe kwa Kiswahili, kwa shilingi, kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya sahihi. Tatu, wakopeshaji wasio na leseni washitakiwe, na polisi wanaowasindikiza kwenda kubeba magodoro ya watu waulizwe wanatumia sheria ipi.

Na benki zenyewe zitazame upande wa pili wa mizania. Akaunti ya akiba inalipa takriban asilimia 3 kwa mwaka, huku mkopo ukitozwa 15. Riba ya Benki Kuu ilishushwa Julai 2025 kutoka asilimia 6 hadi 5.75, lakini mkopaji wa kawaida hakuona hata senti ikipungua kwenye rejesho lake. Riba ya Benki Kuu ikipanda, wateja hupewa taarifa haraka. Ikishuka, iwe hivyohivyo.

Serikali ina kazi yake pia: ipime viwanja na kutoa hati, iharakishe kesi za biashara, ipunguze hamu ya kukopa ndani. Mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa baadaye, isirudi kuwa zawadi ya wapambe wa madiwani. Kikundi kilichokopa na kulipa kitangazwe. Kilichotafuna nacho kitangazwe.

Msomaji, nawe una sehemu yako. Kabla hujaweka sahihi, uliza ni shilingi ngapi utalipa mpaka mwisho, siyo ngapi kwa siku. Taka kuona leseni ya BoT. Usiruhusu programu yoyote isome namba za simu yako. Mweleze mwenzi wako. Na ukinyimwa mkopo benki, omba uandikiwe sababu. Benki inayokaa na akiba yako miaka 10 inawajibika kukueleza kwa nini haikuamini.